Kununua, Kulipia na Kushabikia: Lugha ya Biashara ya Michezo ya Video

Makala haya yanahusu maneno machache ya biashara ya michezo ya video, hasa yale ambayo mfasiri akiyachanganya aweza kumtia hasarani mtu asiye na habari. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo lenyewe ni la watoto. Sivyo. Mwaka 2021 sheria zetu zilifanyiwa marekebisho na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye kitufe cha malipo laweza siku moja kusomwa mbele ya hakimu, kama lisomwavyo lililoandikwa katika hati ya nyumba.

Katika vibanda vya michezo tulivyovitembelea mjini Moshi, mitaa ya Majengo, Pasua na Kiboriloni, na huko juu Marangu Mtoni, hatukuona upungufu wa maneno. Vijana hulipa kwa mechi, wakashika pedi, wakacheza gemu. Mchezo wa kandanda huitwa fifa. Jina hilo limekwisha kuwapotea wenyewe: toleo la mwisho kubeba jina la shirikisho la kandanda duniani lilikuwa FIFA 23, lililotoka mwaka 2022, na lililofuata mwaka 2023 likaitwa EA Sports FC 24, kwa kuwa kampuni na shirikisho waliachana. Vibandani fifa imebaki fifa. Nasi hatuoni sababu ya kuizuia, maana biki nayo ilikuwa jina la kampuni kabla haijawa kalamu ya kila mwanafunzi.

Taabu huanza pale vijana hao wanapotoka katika kucheza na kuingia katika kubishana juu ya biashara yenyewe: mashine ipi imeuzwa zaidi, nani anawanyonya wateja, na mtu akilipa amepata nini.

Tuchukue mauzo kwanza. Sony husema kwamba PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, imepita idadi ya milioni 150. Microsoft, kwa upande wake, iliacha mwaka 2015 kutangaza idadi ya mashine za Xbox inazouza. Hapo ndipo mabishano yalipopata mbolea. Lakini hata kampuni inapotangaza, hapana budi kuuliza inahesabu nini: mashine zilizopelekwa madukani, au zilizofika mikononi mwa wachezaji? Magazeti yetu huyaandika yote mawili kuwa ni mauzo. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Machame hawezi kukosea hivyo. Tangu enzi za chama cha wakulima wenyeji cha mwaka 1925, na KNCU iliyokifuata mwaka 1933, yeye amejua kwamba kahawa aliyoipeleka chamani ni makusanyo, na kwamba mauzo ni jambo jingine linalokuja baadaye mnadani Moshi. Anaweza kuwa amekwisha kupokea malipo ya awali na kahawa yake bado haijapata mnunuzi. Basi twashauri wafasiri waandike wazi: idadi iliyopelekwa madukani, na idadi iliyouzwa. Hakuna haja ya kubuni istilahi mpya hapa. Kinachotakiwa ni mfasiri kusoma tarakimu pamoja na maelezo yaliyo chini yake.

Neno la pili lina uzito zaidi. Ni lile la mtu kulipa kila mwezi au kila mwaka ili aendelee kupata huduma. PlayStation Plus ilianza mwaka 2010 na Xbox Game Pass mwaka 2017, na kwa utaratibu huu mchezaji hupata rundo la michezo maadamu analipa. Akiacha, mlango hufungwa. Bei ya daraja la juu la Game Pass ilipopandishwa nchini Marekani mwezi Oktoba 2025, kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, kelele zilizuka duniani kote, na habari zikahitaji kutafsiriwa.

Wengi huandika usajili. Sisi hatulipendi neno hili mahali hapa. Kusajili ni kuingiza jina katika daftari, na laweza kufanyika mara moja tu bila malipo ya kurudia. Isitoshe, kwa mpenzi wa kandanda usajili ni klabu kumpata mchezaji mpya. Na katika mchezo ule ule wa fifa kijana husajili wachezaji usiku kucha. Tukiandika kwamba "usajili umepanda bei", ataelewa kuwa washambuliaji wamekuwa ghali.

Wengine huandika kujiunga, kwa kufuata kampuni za simu zinazotuhimiza tujiunge na vifurushi. Neno limeenea, hilo hatulikatai. Hata hivyo, Moshi ni mji wa ushirika. Chuo cha Ushirika kilianzishwa humo mwaka 1963, nacho leo ni chuo kikuu. Aliyejiunga na chama cha msingi ametoa kiingilio, amenunua hisa, na anainua mkono mkutanoni. Mlipaji wa Game Pass hana hisa wala kura. Kumwita mwanachama ni kumvisha joho lisilo lake, na kampuni hupenda sana kuwavisha wateja majoho ya namna hiyo.

Jibu, kwa maoni yetu, limekwisha kupatikana majumbani. Mwaka 2013, matangazo ya televisheni ya mtindo wa zamani yalipozimwa Moshi na Arusha, watu walinunua ving'amuzi. Neno king'amuzi lenyewe ni mfano mwema wa istilahi iliyoundwa kwa kitenzi chetu, kung'amua, na kukubalika bila kulazimishwa. Pamoja nalo wenyeji wakaanza kusema: "Umelipia king'amuzi?" Tazama ustadi wa swali hilo. Kununua king'amuzi ni mara moja, nacho ni chako. Kukilipia ni kila mwezi, na unacholipia si kile chombo bali matumizi yake. Kutokana na kitenzi hicho tunapata ulipiaji, mlipiaji, kipindi cha ulipiaji na kusitisha ulipiaji. Yupo atakayepinga kwamba kulipia pia ni kutoa fedha kwa niaba ya mwingine. Ni kweli, lakini sarufi hututenganishia: namlipia ndugu yangu, nalipia mchezo. Kiambishi cha mtendwa kinatosha kuondoa shaka.

Twafika kwenye kununua, na hapa ndipo penye hasara ya fedha. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew. Watu waliununua kwa bei kamili, si kwa ulipiaji wa mwezi. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima mitambo iliyouendesha, na kwa kuwa mchezo haukuweza kuchezwa bila mitambo hiyo, waliokuwa na sahani yake walibaki na sahani tupu. Wachezaji walianzisha kampeni ya kudai kwamba michezo iliyouzwa isiuawe, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja mwezi Julai 2025. Jimbo la California nalo lilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni ruhusa tu. Kwa maneno mengine, bunge la jimbo lilikaa kufanya kazi ambayo kwa kawaida huachiwa watu wa istilahi.

Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kijana wa Uru anayelipa kwa simu, kwa fedha aliyoipata kwa kuuza mikungu ya ndizi, akisoma "Nunua" huelewa kununua kama anunuavyo jembe. Mfasiri aliyeandika hivyo ameshiriki kumpotosha, hata kama hakukusudia.

Mlimani tofauti hii ilikuwa na majina tangu kale. Kihamba ni mahali pa migomba na kahawa, pa kurithiwa, ambapo wazee wamezikwa. Shamba lilikuwa huko chini tambarare, la mahindi na ulezi, nalo mangi aliwagawia watu kwa msimu na aliweza kumpa mwingine msimu ufuatao. Utawala wa mamangi ulifutwa mwaka 1963, lakini hakuna mzee wa Marangu atakayekwambia ana kihamba wakati amepewa shamba. Hatupendekezi kihamba kiingie katika orodha ya istilahi, ingawa ikulu lilitoka katika lugha za Bara na leo hakuna alionaye geni. Tunapendekeza kibali. Kila mwananchi anajua kwamba kibali hutolewa na mwenye mamlaka, kina masharti, na kinaweza kufutwa. Kwa mchezo usioweza kuchezwa bila mitambo ya kampuni, kitufe kiandikwe "Lipia kibali", na neno nunua liachiwe mchezo ambao mteja anaweza kuucheza hata kampuni ikifa.

Kuhusu mashabiki tutasema machache. Shabiki si tusi, lakini ushabiki una kivuli cha upendeleo. Tumwambiapo mtu aache ushabiki, twamtaka atumie akili. Mfasiri akitaka neno lisiloegemea upande atumie mpenzi wa michezo. Mabishano yao yasiitwe malumbano. Washairi wanaolumbana hufungwa na mizani na vina, na kila mmoja hungoja zamu yake. Anayetetea Xbox dhidi ya PlayStation hafungwi na chochote.

Limebaki tendo la kampuni kuzima mitambo na kuufanya mchezo usichezeke tena. Tumesikia kuzimwa, kufungwa na kuuawa. Kuzimwa laelekea kufaa, ila kilichozimwa huweza kuwashwa tena. Wasomaji wenye neno lililo bora zaidi, hasa lililokwisha kutumika katika wilaya zao, watuandikie pamoja na mfano wa sentensi.