Usiikunje, Ibonyeze

Kwenye meza za raba za mtumba sokoni Tandika, Dar es Salaam, mteja anayejiandaa na mbio hufanya jambo moja kabla hajauliza bei. Huishika raba kwa mikono miwili, mmoja kwenye ncha na mwingine kwenye kisigino, akajaribu kuikunja. Ikigoma, muuzaji anadakia: "Hiyo ina kaboni, kaka." Bei inapanda palepale. Kisha raba inarushwarushwa kiganjani, na ikionekana nyepesi, biashara imekwisha.

Ugumu na wepesi ndivyo vipimo ambavyo wakimbiaji wengi wa Temeke na Kinondoni wanavitumia kuihukumu raba ya mashindano. Wakishaivaa ndipo wanapogawanyika. Mmoja atakuapia kwamba raba ile inamrusha, kwamba kilomita ya mwisho aliimaliza bado miguu ina nguvu. Mwenzake aliyenunua jina lilelile na toleo lilelile atakwambia amepigwa, haina lolote. Nimewasikiliza watu wa pande zote mbili, na naamini hakuna anayedanganya. Tatizo ni kwamba kitu kinachowatofautisha hakuna aliyekikagua pale mezani, nacho ni sponji.

Tuanze na wepesi, maana ndio wenye historia ndefu. Kabla ya mwaka 2017 raba ya mashindano ya barabarani ilikuwa rahisi kuieleza: soli nyembamba, kitambaa chepesi, gramu 200 au pungufu. Mtanzania Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 katika enzi hizo, na mtu akitaka kuubeza mjadala mzima wa raba, jina hilo linamtosha. Hoja yake si ya kupuuzwa. Lakini hata enzi hizo kila mtu aliamini kwamba gramu zikipungua, kasi inaongezeka, na maabara ziliwaunga mkono: kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila raba hupandisha matumizi ya oksijeni kwa takriban asilimia 1.

Ni kweli, ila fanya hesabu. Mkimbiaji wa nusu marathoni anayetumia saa 2 akihama kutoka raba ya gramu 280 kwenda ya gramu 200, ameokoa asilimia 0.8 ya nguvu. Hata tukijidai kwamba akiba yote hiyo inageuka kuwa muda, jambo ambalo halitokei, hajafikisha dakika 1. Dakika hiyo inaliwa kwenye meza moja ya maji, ukisimama kunywa badala ya kupita na chupa mkononi.

Kwa hiyo yaliyotokea mwaka 2017, Nike ilipoingiza sokoni Vaporfly, hayaelezeki kwa wepesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliipima raba hiyo dhidi ya raba mbili bora za mashindano za wakati ule, na walifanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalisimulii: waliongeza vipande vya madini ya risasi kwenye raba nyepesi ili zote zilingane uzito. Faida ya wepesi ikaondolewa kabisa. Bado waliovaa raba mpya walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Siri ilikuwa kwenye sponji ya jamii ya PEBA, ambayo ikibonyezwa na kuachiwa ilirudisha karibu asilimia 87 ya nguvu iliyowekwa. Sponji ya Adidas waliyoilinganisha nayo ilirudisha asilimia 76, na ile ya kawaida ya EVA kama asilimia 66.

Na lile bamba la kaboni, ambalo kwa ajili yake mteja wa Tandika anaongezewa bei? Watafiti wengine baadaye walichukua raba hizohizo, wakalikata bamba sehemu ya mbele kwa misumeno mpaka ugumu ukapotea, wakawakimbiza watu. Tofauti ya nguvu iliyotumika ilikuwa ndogo kiasi cha kutohesabika. Bamba si pambo. Sponji laini kiasi kile bila kitu kigumu ndani ingeyumba. Ila kazi kubwa haifanywi na bamba, na hapo ndipo kipimo cha kuikunja raba kinapoanguka. Feki inaweza kutiwa kipande cha plastiki ngumu katikati ya sponji rahisi, ikagoma kukunjika vizuri tu. Utakuwa umelipia ubao.

Raba halisi ya mtumba nayo ina mtego wake. Sponji huchoka kimyakimya. Kitambaa kinaweza kuwa kinang'aa, mpira wa chini bado una meno, na ndani imeshakufa. Watafiti wa Hispania walichukua raba za PEBA mpya na nyingine zilizokwisha kukimbia kilomita 450, wakazilinganisha na raba za EVA. Mpya ziliokoa nguvu. Zilizotumika zilikuwa karibu sawa na EVA tu. Sasa fikiria raba iliyopo mezani imetoka wapi. Mmiliki wa kwanza, huko Ulaya au Marekani, mara nyingi hakuitoa kwa ukarimu; aliitoa kwa sababu aliona imekwisha. Ikabanwa kwenye robota, ikakaa wiki kadhaa ndani ya kontena lenye joto, ikafika kwetu, ikasuguliwa kwa brashi na sabuni, ikaanikwa juani ikawa nyeupe. Kilomita zake hazina mita ya kusomea kama gari. Wale wawili wenye raba ya toleo moja, anayerushwa na aliyepigwa, huenda wanavaa vitu viwili tofauti kabisa: mmoja ameokota jozi iliyokimbiwa mara chache, mwingine amenunua mzoga uliooshwa.

Halafu kuna fundi viatu. Desturi yetu Dar ni kununua raba na kuipeleka moja kwa moja ipigwe uzi soli nzima ili isije kuachia. Kwa viatu vya shule ni busara tupu. Kwa raba ya mbio ni hasara, na ukimtazama fundi wa pembeni mwa Barabara ya Kilwa akiifanya kazi hiyo utaona kwa nini. Sindano inazama kwenye sponji bila kugoma. Anauvuta uzi wa nta kwa nguvu zote, kama alivyofundishwa, na ukingo wa sponji unajikunja kwa ndani. Anapomaliza kuzunguka, raba ina mfereji kutoka kidoleni mpaka kisiginoni. Sponji ile ilitakiwa itanuke kila mguu unapotua, na sasa ukingo wake wote umefungwa kamba. Soli ikiwa imeachia kweli, gundi inatosha: apake pande zote mbili, aache ikauke kidogo, abane. Mwambie mapema, maana mafundi wetu ni wakarimu na uzi.

Tuseme sasa sponji ni nzima. Inabaki kasi. Watafiti waliwapima watu katika mwendo wa kawaida wakakuta kwamba kwenye kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 5 kwa kilomita, raba ya aina hii iliokoa asilimia 1.4 hivi. Kwenye kilomita 10 kwa saa, dakika 6 kwa kilomita, ikashuka hadi asilimia 0.9. Vikundi vya jogging vya Temeke, wale wa alfajiri ya Jumamosi na Jumapili wenye fulana zinazofanana na nyimbo za kupokezana, mara nyingi wanakwenda taratibu kuliko hapo, na ndivyo inavyopasa kwa watu wanaoimba. Ndani ya kundi kama hilo raba ya mashindano ni vazi la kupendeza. Sina ugomvi na kupendeza, mradi mtu asikope kwa ajili yake.

Mambo ni mengine kabisa kule juu. Tarehe 15 Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe: Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mbio za aina hiyo zinaruhusu mtu kuumiza kichwa kwa ajili ya gramu tano. Ndiyo maana Adidas mwaka 2023 ilitoa raba ya gramu 138 kwa dola 500, Tigist Assefa wa Ethiopia akaivaa kwenye marathoni ya Berlin na kukimbia saa 2:11:53. Na ndiyo maana shirikisho la riadha la dunia liliweka ukomo mwaka 2020, soli isizidi milimita 40 na bamba lisizidi moja. Hata Vaporfly ya kwanza ilianza kuuzwa dola 250, ambazo leo ni zaidi ya shilingi laki sita kabla hujalipia usafiri na ushuru.

Hata miongoni mwa walio bora, miili haikubaliani. Utafiti mmoja uliwachukua Wakenya saba wa kiwango cha dunia ukawajaribisha raba hizi za kisasa dhidi ya ile ya soli nyembamba. Kuna aliyefaidika kwa asilimia 11.4 na raba mojawapo, na kuna aliyepoteza asilimia 11.3. Hao ni watu wanaoishi kwa kukimbia. Kwa hiyo dada wa Mwananyamala akisema raba inayosifiwa na klabu nzima inamchosha mashavu ya miguu, asiambiwe hajui kukimbia. Mguu wake umempa jibu ambalo hakuna muuzaji wala rafiki anayeweza kumpa.

Barabara nazo hazifanani. Anayekimbia Daraja la Tanzanite alfajiri na kurudi kwa Coco Beach anakanyaga lami nyororo, karibu iliyonyooka, na sifa zake kwa raba nene nyepesi zina mantiki. Anayeanzia ndani ya Yombo au Mtoni anapita mchanga uliotawanyika juu ya lami, matuta, mifuniko ya mitaro, na kona za ghafla za kumkwepa bodaboda. Juu ya milimita 40 za sponji laini, kila kona ni majaribu kwa kifundo cha mguu. Masika ikiingia, mpira mwembamba wa chini uliopunguzwa ili kuokoa gramu unateleza. Mtu huyo anapoisema vibaya raba inayosifiwa Oysterbay, anaielezea njia yake kwa usahihi kabisa.

Mimi pale mezani ningeacha kuikunja. Ningeibonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba, kwa nguvu, niachie: nzima inarudi mara moja, iliyochoka inabaki na shimo kwa muda. Ningetazama ubavuni, mikunjo mingi myembamba ya mlalo ni alama ya kilomita nyingi. Ningezilinganisha mbili juu ya meza tambarare kuona kama kisigino kimoja kimeinama. Na kama fedha inatosha jozi moja tu, ningechukua raba ya mazoezi ya kawaida yenye sponji hai, hata ikiwa na gramu 280, nikaiacha ya mashindano iliyokufa kwa atakayevutiwa na jina.

Ukibahatika kuipata ya mashindano iliyo nzima, iwekee siku ya mbio na mazoezi machache ya kasi, usiivae kwendea dukani. Ikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi za magazeti, anika kivulini penye upepo. Jua la saa nane mchana linaweza kuisinyaza sponji na kuilegeza gundi kabla hujafika Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon.