Karatasi ya Shefu Haibadilishi Manifesti

Juma lililopita swali lilinifikia tena, safari hii kutoka kwa mama mmoja wa Lubondja anayeuza mabati na chumvi. Boti iliyobeba mzigo wake ilitoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa upande wa Tanzania, ikiwa imeandikiwa Uvira, kwetu Congo. Usiku kusi likachafua ziwa, kapiteni akazunguka ncha ya rasi ya Ubwari akaingia ghuba ya Burton kujificha, na kulipokucha akashusha kila kitu kwenye ufuko wa kijiji, si mbali na Baraka. Kwa mtu wa Lubondja hiyo ilikuwa kama neema: badala ya kwenda kuchukua mabati Uvira na kuyateremsha kwa lori kwenye matope ya RN5, yamemfuata mwenyewe karibu na nyumbani. Kisha duane, watu wa forodha, wakaja wakasema mzigo usiguswe.

"Mzee," akaniambia, "karatasi ya shefu wa lokalite ninayo, ina muhuri na tarehe. Sasa wanataka nini tena?"

Swali hili nimelijibu Mushimbakye gatini, nimelijibu Mboko, nimelijibu nikiwa kwenye msiba. Nimefanya kazi ya udeklaran, yaani kuandikisha mizigo ya watu forodhani, miaka mingi na sasa naomba lisomwe mara moja na watu wote. Karatasi ya shefu haigusi manifesti hata nukta moja.

Anayeiandika si mwongo. Shefu aliona boti ikifika, aliona mawimbi, alihesabu watu walioteremka, akaandika alichokiona. Huo ni ushahidi, na ushahidi una kazi yake nitakayoieleza. Ila watu wetu wameugeuza kuwa ruhusa. Wameufanya dawa ya kila ugonjwa: boti imekosea njia, tafuta shefu, mzigo umezidi, tafuta shefu, kijana wa Force Navale amesimama ufukweni na bunduki, mpe kitu naye aandike mstari mmoja chini ya ule wa shefu. Dekreti ya Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: duane, ambayo wakati ule ilikuwa OFIDA na leo ni DGDA, halafu OCC ya ukaguzi wa bidhaa, DGM ya uhamiaji, na Usafi wa mipaka. Shefu hayumo. Askari wa majini hayumo. Pesa uliyowapa hao si ushuru, na hakuna ofisi itakayoikata kwenye ushuru unaodaiwa.

Sasa tazama jinsi mzigo wa yule mama unavyoonekana kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Manifesti ya boti inataja bidhaa, idadi, mwenye mzigo na mahali pa kushushia. Kwake pameandikwa Uvira, maana yake gati la Kalundu. Kalundu wanaingojea boti. Haifiki. Au inafika siku tatu baadaye, tupu, na mabati mia mbili hayamo. Kwa ofisa wa Kalundu mabati hayo yamepungua kwenye manifesti, na upungufu usio na maelezo sheria inauhesabu kama mali iliyoingizwa nchini kwa siri. Wakati huohuo ofisa wa Baraka anakuta ufukweni mabati mia mbili ambayo hakuna manifesti ya Baraka inayoyataja. Kwake yeye ni ziada, na ziada isiyo na karatasi ni magendo. Basi bati lilelile moja limekwisha kuwa kosa mara mbili, kaskazini limeibwa na kusini limefichwa, na mwenyewe ameshika karatasi yenye muhuri inayosema kulikuwa na upepo.

Upepo ulikuwepo, kweli. Hakuna anayeubishia.

Hapo ndipo penye imani ninayotaka kuing'oa hasa: kwamba dharura inafuta ushuru. Husikika kwa maneno mazuri, kwamba ziwa ni la Mungu na kilicholetwa na ziwa hakina mpaka. Code ya forodha ya Congo, ile ya Agosti 2010, inataka chombo kinachotoka nje kitie nanga pale penye ofisi ya duane, isipokuwa dharura isiyozuilika iliyothibitishwa. Soma vizuri kinachosamehewa. Kinachosamehewa ni kapiteni kutia nanga mahali pasipo ofisi. Mzigo haujasamehewa chochote. Unabaki chini ya macho ya duane kama vile ungali ndani ya boti, na kapiteni anabaki na kazi mbili: kuzuia usiingie mitaani, na kuarifu ofisi iliyo karibu bila kukawia. Mkataba wa Kyoto wa forodha, uliofanyiwa marekebisho 1999, unasema hivyohivyo kwa nchi zilizoukubali. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika ng'ambo kule Kigoma, nayo inamtaka kapiteni atoe taarifa hata chombo chake kikivunjika pwani. Kama aliyevunjikiwa chombo anaripoti, aliyelala salama ghubani atanyamazaje?

Asije mtu akasema nawataka makapiteni wafie majini kwa ajili ya manifesti. Teritwari yetu nzima ya Fizi inakumbuka MV Mutambala, iliyozama Desemba 2014 ikitoka Kalemie kuelekea Uvira, wakafa nayo zaidi ya watu mia moja. Kapiteni anayeona kusi limepanda akageuza kuingia ghubani, mimi nampa mkono. Ageuze. Roho za watu kwanza, na sheria yenyewe imempa nafasi hiyo. Kosa halikuwa usiku alipogeuza. Kosa lilikuwa asubuhi, ziwa limetulia, simu ina mtandao, naye akaanza kushusha.

Wapo pia wanaoniambia tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mambo haya yamekwisha. Hayajakwisha. Mkataba umetiwa sahihi, lakini ofisa wa Baraka anaendelea kufanya kazi kwa Code ya Congo, na boti kutoka Kigoma ni boti inayotoka nje ya nchi.

Wala jambo hili si la boti za mbao peke yake. Tangu mwisho wa 2023, meli kubwa za makontena zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Sham, makampuni mengi yalizizungusha chini ya Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Makontena mengine yakashushwa bandari ambazo hazikuwa kwenye mpango. Mawakala wao hawakutafuta shefu. Walipeleka marekebisho ya manifesti kwa forodha ya bandari mpya na ya bandari iliyotajwa kwanza, mara nyingi kabla meli haijatia nanga.

Upande ambao watu hawauangalii kabisa ni Kigoma. Mzigo uliopita Tanzania kwa tranziti, tuseme mabati yaliyoshuka Dar es Salaam yakaja kwa treni, ulipita kwa dhamana. Wakala wa forodha ameweka dhamana hiyo badala ya ushuru wa Tanzania, na haifunguki mpaka ithibitishwe kwamba mzigo umetoka na kufika ulikoandikiwa. Karatasi zinasema Uvira, mzigo uko Baraka, Uvira hawawezi kuthibitisha wasichokiona. Wakala anadaiwa, naye atakudai wewe, na safari ijayo hatakubebea mzigo. Chumvi ya Uvinza haina dhamana hiyo kwa kuwa ni mali ya Tanzania kwenyewe, lakini aliyekuuzia naye anahitaji ushahidi kwamba chumvi imeuzwa nje. Muulize kabla hajakuuliza.

Ufanye nini, basi? Kama boti haijang'oa nanga Kigoma na unajua unataka Baraka, andikisha Baraka. Usiandike Uvira kwa sababu tu wenzako kwenye boti wanakwenda Uvira. Mko njiani na mambo yamebadilika: kapiteni apige simu kwa deklaran, deklaran aarifu duane ya Baraka na ya Kalundu, zote mbili, siku ileile. Mmefika ufukweni: msishushe. Ikilazimu kushusha kwa sababu boti inaingia maji, hesabuni mbele ya watu, fungeni kwa turubai, wekeni mlinzi, na hapo ndipo mwiteni shefu awe shahidi wa idadi na saa. Komiseri wa ziwa, msimamizi wa vyombo vya majini, naye aone boti. Kapiteni aandike ripoti yake mwenyewe: saa aliyogeuza, alikokuwa, alikotia nanga, kilichoshushwa. Baada ya hapo njia ni tatu. Ziwa likitulia boti iendelee Uvira na mzigo wake, hakuna cha kubadilisha zaidi ya taarifa. Au deklaran aombe manifesti irekebishwe, Kalundu waiachie, Baraka waipokee, ulipe Baraka uchukue kitansi, na fiche ya OGEFREM, ofisi ya usafirishaji wa mizigo, irekebishwe pamoja nayo. Au mzigo uende Uvira kwa lori chini ya tranziti ya ndani, njia ambayo ni ghali na ambayo kwa RN5 ya masika siipendekezi kwa mtu ninayempenda. Nakala za karatasi zote zirudi Kigoma.

Yule mama amechagua ya pili. Kapiteni, baada ya kubembelezwa siku mbili, ameandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu, na karatasi ya shefu imebanwa nyuma yake mahali inapofaa. Mabati yake bado yako ufukweni chini ya turubai, kijana wa jirani anayalinda usiku, nasi tunangojea jibu la Kalundu.