Mtoto anayeruka kwa upondo: lini ashike mrefu, lini apelekwe hospitali

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja wa upande wa Msimbati, mkoani Mtwara. Mwanawe ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Kwa miezi kadhaa yeye na wenzake wamekuwa wakiruka kijito cha mikokoni maji yakiwa yamekupwa, kwa upondo wa kuendeshea mtumbwi. Kisha walimwona Armand Duplantis kwenye simu ya kaka mtu, wakahamia mchangani, wakafunga kamba kati ya minazi miwili na kuanza kushindana nani atapita juu zaidi.

Wiki mbili zilizopita kijana aliacha upondo wake mfupi akachukua wa babu yake, mrefu kwa zaidi ya hatua moja. Hakuifikia kamba. Aliangukia kiganja, kifundo kikavimba, nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto. Uvimbe umepungua, lakini mpaka leo hawezi kunyanyua ndoo kwa mkono huo. Mama anauliza mambo mawili: je, ni msuli tu? Na amkataze mchezo huo?

Mama, naanza na mkono, maana hauna muda wa kusubiri.

Mifupa ya mtoto anayekua si mifupa ya mtu mzima iliyofupishwa. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka jembamba la gegedu, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Anguko ambalo kwa baba mtu lingevuta kano tu, kwa mtoto linaweza kupasua hapo. Mfupa wa mkono ulio upande wa dole gumba hupata sehemu kubwa ya urefu wake kutoka kwenye tabaka lililo jirani na kifundo. Likiumia vibaya, mfupa unaweza kusimama kukua ilhali mwenzake unaendelea, na mkono ukapinda polepole kwa miaka, wakati watu wameshasahau siku ya kuanguka.

Kwa hiyo wiki mbili za maumivu kwa mtoto wa miaka 14 haziitwi msuli mpaka apigwe picha ya eksirei. Mpeleke kesho. Kama kituo cha jirani hakina mashine, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Sababu ya haraka ni kwamba majeraha ya sehemu hii huunga upesi sana. Katika siku chache za mwanzo daktari anaweza kuurudisha mfupa mahali pake. Baada ya siku kumi hivi kuulazimisha kunaweza kuliumiza gegedu zaidi, na mara nyingi itabidi uachwe ulivyo na kufuatiliwa kwa picha.

Usishangae ukiambiwa picha haioneshi kitu. Gegedu halionekani kwenye eksirei. Daktari makini atabonyeza juu kidogo ya kifundo, na mtoto akiruka kwa maumivu hapo hapo, atamfunga kana kwamba mfupa umevunjika, kisha atamwita tena baada ya wiki moja au zaidi kidogo.

Kuanzia leo acheni kuukanda. Najua kila kaya ya pwani ina bibi mwenye mkono mzuri wa kuchua, nami nililelewa na mmoja. Lakini mfupa uliopasuka ukichuliwa husogea. Pia nimeona watoto wanaofungwa vijiti na vitambaa kwa kukazwa mno. Vidole vikiwa baridi, vimepauka, vinakufa ganzi, au mtoto akilia mtu anapomnyoosha vidole, fungua mara moja na kimbilia hospitali hata kama ni usiku. Misuli iliyokosa damu kwa saa chache haifufuki.

Sasa tuje kwenye upondo wenyewe. Kijana hakuanguka kwa sababu ni mzembe. Aliyeshika upondo lazima auzungushe kutoka ulalo hadi wima, na kinachouzungusha ni kasi ya mbio zake. Akishika juu zaidi, anahitaji kasi kubwa zaidi. Kasi isipotosha, upondo unasimama kabla ya wima, unakaa kidogo hewani, kisha unamrudisha alikotoka, ambako hakuna mchanga laini wala godoro. Hata mabingwa huumia hivyo. Februari 2002 mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani alifariki mashindanoni baada ya kuangukia kichwa kwenye kisanduku cha kukitia upondo, na mwaka uliofuata kanuni za huko zikataka magodoro makubwa zaidi.

Pondo za mashindano ni za nyuzi za kioo au kaboni. Zinapinda, na huandikwa urefu wake na kilo za mrukaji anayezifaa. Upondo wa mkoko haupindi. Ni mzito, na ukishaoza kwa ndani hukatika bila kutoa taarifa, tena kwa ncha kali.

Makocha hawaangalii urefu wa mtoto wanapomwongezea upondo, ingawa wazazi wengi hudhani hivyo. Wanaangalia kama tayari anashika karibu na mwisho wa ule alio nao, kama unapita wima ukiwa bado na kasi, na kama anatua mbali ndani ya godoro. Mruko mmoja mzuri hautoshi, wanataka kuuona ukirudiwa siku tofauti. Akipewa mrefu, anaanza kwa kushika kimo kile kile alichoshika kwenye mfupi, kisha mikono inapanda kidogo kidogo, upana wa ngumi hivi kila mara. Na hata hapo ajue kwamba upondo wa kupinda ukishikwa chini huwa mgumu zaidi, hivyo kocha huenda akampa mrefu ulio laini kidogo.

Kuna kipindi cha kutoongeza kabisa. Wavulana wengi hurefuka ghafla kati ya miaka 12 na 15, wasichana mapema zaidi. Suruali inafupika ndani ya muhula mmoja, misuli haijaufuata mfupa, na mtoto aliyekuwa mwepesi anaanza kujikwaa. Miezi hiyo abaki na upondo mfupi, afanye mbio na mazoezi ya tumbo na mgongo. Akilalamika kiuno kwa zaidi ya wiki mbili, hasa anapojipinda kwa nyuma, apumzike na apimwe. Warukaji wa upondo hupata ufa kwenye pingili za chini za mgongo, na wengi wao hudhani ni uchovu.

Akianguka kichwa au shingo, asinyanyuliwe kwa kukokotwa mikono. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au miguu ikifa ganzi, ni hospitali moja kwa moja, akiwa amelazwa kwenye ubao na shingo imetulizwa.

Kuhusu kumkataza, Mama, mimi nisingemkataza. Duplantis, aliyeruka mita 6.30 jijini Tokyo Septemba 2025, alianza nyumbani kwao Louisiana akiwa mtoto mdogo na mpini wa ufagio. Lakini baba yake alikuwa mrukaji, na uani palikuwa na mahali pa kuangukia. Mwanao hana kocha wala godoro. Zungumza na mwalimu wa michezo wa shule yake. Kuruka juu na miruko mitatu hutumia miguu ile ile na kasi ile ile, na kwa michezo hiyo anaweza kuonekana UMISSETA. Akitaka kuendelea na upondo, aurukie urefu wa mchanga, si juu ya kamba, akishika chini, kwenye mchanga uliochimbuliwa ukawa laini.

Ila hayo ni baadaye. Mkono ukikutwa umepasuka, plasta hukaa kati ya wiki tatu na sita, na haruhusiwi kushika upondo wowote mpaka aweze kujiinua kwa viganja kutoka sakafuni bila maumivu. Nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama bado unayo, na umwambie daktari tarehe kamili aliyoanguka.