Unyevu katika duka la nafaka: kijiko cha chumvi kinachoweza kuokoa maisha

Kati ya Juni na Agosti, Nairobi hukaa siku nyingi bila jua na manyunyu huanguka tangu alfajiri. Katika maduka ya nafaka ya Ayany, Makina, Toi na Kawangware, mwenye duka hufungua mlango asubuhi akakuta matone yananing'inia chini ya mabati na magunia ya juu yamelowa kidogo. Wengi huyapangusa kwa kitambaa, wakaanza kuuza.

Matone hayo hayafai kupuuzwa. Yanaonyesha kwamba ndani ya duka mna maji ya kutosha kulisha kuvu, na kuvu huacha sumu katika chakula ambacho familia nyingi hula kila siku. Makala haya yanaeleza maji hayo hutoka wapi, namna ya kuyapima bila mashine ya bei ghali, na namna ya kuyazuia hata katika duka la futi 10 kwa 10.

Sumukuvu ni nini?

Kuvu wa aina ya Aspergillus huishi katika udongo na vumbi. Hufika kwenye mahindi na karanga zikiwa bado shambani, na huongezeka nafaka ikihifadhiwa na unyevu. Kuvu hao hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kuaminika. Tena haiishi kwa kuchemsha: moto unaoivisha ugali au githeri hauwezi kuiondoa.

Kenya imeshalipa gharama ya jambo hili kwa maisha ya watu. Mwaka 1981 watu 12 walifariki Machakos baada ya kula mahindi yenye kuvu. Mwaka 2004 mkasa ulirudi ukiwa mkubwa zaidi, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi mengi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu.

Si lazima sumu iue kwa siku chache. Kiasi kidogo kinacholiwa mwaka baada ya mwaka huharibu ini na kuongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kiwango cha unyevu kinachokubalika

Kiwango kinachotumika Kenya na nchi jirani za Afrika Mashariki ni kwamba mahindi yanayouzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo moja ya mahindi. Karanga zina mafuta mengi, kwa hiyo zinahitaji kukauka zaidi, hadi karibu asilimia 7.

Kwa nini asilimia 13.5? Punje na hewa inayoizunguka hubadilishana maji mpaka zilingane. Mahindi yaliyokauka kufikia kiwango hicho huifanya hewa iliyo ndani ya gunia ibaki na unyevu wa takriban asilimia 70 au chini yake. Ikizidi hapo, kuvu wa aina mbalimbali huanza kuota, na kadiri inavyopanda ndivyo wanavyoenea kwa kasi.

Kwa mfanyabiashara kuna hesabu nyingine ya kuangalia. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna zaidi ya kilo 16 za maji. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, gunia hilo litabaki na kilo 85 na kidogo. Maana yake ni kwamba aliyelinunua amelipia karibu kilo 5 za maji, ambazo ni zaidi ya gorogoro mbili. Kwa hiyo mahindi mabichi yanayoletwa na lori kwa bei ya chini wakati wa mvua mara nyingi si rahisi kama yanavyoonekana. Ukiyanunua, hatari ya kuoza nayo umeinunua.

Jinsi ya kupima kwa chumvi

Njia bora ni kutumia mashine ya kupima unyevu wa nafaka, na wanachama wa chama kimoja cha wafanyabiashara wanaweza kuchanga wakanunua moja ya kutumia pamoja. Asiye na mashine anaweza kutumia chumvi ya mezani. Chumvi kavu huanza kuvuta maji unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, kwa hiyo itakuonyesha kama nafaka yako imepita mpaka wa hatari.

1. Tafuta chupa ya glasi yenye kifuniko kinachobana, ya ukubwa wa mililita 750 hivi. Ioshe na uikaushe kabisa.
2. Kausha chumvi kwa kuipasha katika sufuria juu ya moto mdogo huku ukiikoroga. Iache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa.
3. Chota mahindi kutoka sehemu tatu za gunia: juu, katikati na chini. Usichote ya juu peke yake.
4. Jaza theluthi moja ya chupa kwa mahindi hayo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, kisha ufunge.
5. Tikisa kwa dakika moja, halafu uiache ikae dakika 15.
6. Tazama ndani. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Ikiwa inateremka bila kushika popote, unyevu uko chini ya asilimia 15.

Zingatia kwamba chumvi haiwezi kutofautisha mahindi ya asilimia 14.5 na ya asilimia 13. Hata chupa ikionyesha mahindi ni makavu, unayotaka kuyaweka kwa wiki nyingi yapatie siku moja au mbili zaidi za jua. Yaanike juu ya turubai, yakiwa yametandazwa kwa unene wa sentimita 3 au 4, uyageuze mara kwa mara, na usiyatie guniani kabla hayajapoa. Mwenye shehena kubwa anaweza kuuliza huduma ya kukausha katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao (NCPB).

Maji huingia dukani kwa njia nne

*Kutoka chini.* Sakafu ya saruji huonekana kavu, lakini hupandisha unyevu kutoka ardhini. Gunia likilala juu yake huunyonya. Weka vichanja vya mbao vyenye kimo cha sentimita 15 hivi, na chini yake utandike karatasi ya nailoni. Kichanja cha mbao kuukuu hugharimu kidogo kuliko gunia moja lililooza.

*Kutoka juu.* Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Mchana, joto ndani ya duka likiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 60, hewa ile itaanza kuangusha maji itakapogusa kitu chenye nyuzi 17 au chini yake. Usiku wa Julai bati hushuka chini ya hapo kwa urahisi, na ndiyo sababu unakuta matone hata kama paa halivuji. Dari ya plywood, au hata ya maboksi yaliyofungwa vizuri, huzuia hewa ya dukani isigusane na bati. Acha nafasi kati ya gunia la juu na dari, na usipange magunia mpaka yafike kwenye mabati.

*Kutoka kwa watu na shughuli zao.* Chai inayochemka, nguo zinazoanikwa ndani na ndoo za maji zisizofunikwa huongeza unyevu. Pika nje au katika chumba kingine. Fungua mlango na madirisha saa za adhuhuri siku yenye jua na upepo, uyafunge jioni na wakati wa manyunyu. Kufungua wakati hewa ya nje ina maji mengi kuliko ya ndani ni kuyakaribisha.

*Kutoka kwa nafaka yenyewe.* Punje ni mbegu hai na hupumua. Zikiwa na unyevu hupumua kwa nguvu, zikatoa joto na maji, na wadudu wakiwemo huongeza joto hilo. Tumbukiza mkono katikati ya gunia kila wiki. Ukihisi ndani kuna joto kuliko nje, gunia hilo limeanza kuharibika: litoe siku hiyo hiyo, ulimwage, ulichunguze.

Masanduku makubwa ya mbao

Maduka mengi huweka nafaka za kupimia gorogoro katika masanduku makubwa ya mbao yenye vyumba. Tatizo lake ni lile zoea la kumimina mahindi mapya juu ya ya zamani. Ya chini hukaa miezi bila kuguswa, na vumbi la chengachenga likishikana na unyevu huwa makao ya kuvu na fukusi. Maliza sanduku kabla ya kulijaza tena, lifagie hadi pembeni, na ulianike juani. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Liinue lisiguse sakafu, na liwe mbali na ukuta angalau kwa upana wa mkono ili hewa ipite nyuma yake.

Anayeweza anunue haigromita, kidude kidogo kinachoonyesha unyevu wa hewa, akiweke karibu na masanduku. Usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka chumvi katika kifuniko cha soda, ilainishe kwa matone machache ya maji iwe kama uji mzito bila kuyeyuka, halafu uifungie pamoja na kidude hicho katika mkebe usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, basi kila mara ongeza 5. Wenye makabati ya kuhifadhi sigara nene za kifahari hutumia njia hiyo hiyo. Wao hulenga unyevu wa karibu asilimia 70 ili sigara zisikauke. Mwenye nafaka anataka ubaki chini ya hapo.

Mifuko isiyopitisha hewa

Katika maduka ya pembejeo kuna mifuko yenye tabaka za ndani za plastiki zisizopitisha hewa, kama ile ya PICS. Ikifungwa vizuri, wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa bila dawa, na unyevu wa nje hauingii. Lakini mfuko huu hauikaushi nafaka. Ukiutia mahindi yenye unyevu, umeufungia unyevu huo ndani. Pima kwanza, kisha ufunge.

Kwa mnunuzi wa gorogoro

Mteja naye ana wajibu. Kabla ya kupeleka mahindi kwenye poshomili, yatandaze juu ya sinia. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizopauka au zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, kwa kuwa sumu nyingi hukaa katika hizo. Kukoboa nako hupunguza sumu, maana sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini. Hata hivyo kuchambua na kukoboa hakuyasafishi mahindi yaliyooza. Mahindi yenye harufu ya uvundo au yaliyoshikana mabonge yarudishe.

Usiyapeleke mabovu kwa kuku wala ng'ombe. Wakaazi wanaofuga katika mitaa ya Kawangware na Dagoretti wajue kwamba sumu anayokula ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Usiyatumie kutengeneza busaa. Yafukie mbali na mifugo.

Mtu akitapika, akaumwa na tumbo, akavimba miguu au tumbo, au macho yake yakawa ya manjano, mpeleke mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mbagathi, na ubebe kiasi cha chakula alichokula. Ukiona watu wa nyumba moja wanaugua pamoja, au mbwa na kuku wanakufa baada ya kula makombo, usingoje.

Wajibu wa kila mmoja

Maafisa wa afya ya umma hukagua maduka ya vyakula chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Wana mamlaka ya kuchukua sampuli na kuzuia chakula kisichofaa. Mwenye duka aliye na shaka kuhusu shehena yake aende mwenyewe katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yake kabla hajaiuza. Mteja aliyeuziwa mahindi mabovu apeleke malalamiko yake katika ofisi hiyo hiyo pamoja na sampuli.

Duka dogo la Ayany halihitaji mitambo ya ghala kubwa. Linahitaji kichanja, dari, ufagio, chupa yenye kifuniko na kijiko cha chumvi kavu. Kabla ya kulipia lori la magunia wakati wa mvua, toa chupa yako na uitikise mbele ya muuzaji. Chumvi ikishika ukutani, mwambie arudi nayo akayaanike.