Ayala na Mazao ya Zamu

Neno "ayala" twalisoma katika Zaburi ya 42, na mara nyingi wanafunzi huambiwa kwamba ni paa au kulungu. Lakini mnyama huyu si wa jamaa hiyo. Pembe za kulungu hazianguki maisha yake yote. Ayala dume huangusha zake kila mwaka, na nyingine zenye matawi huota mahali pake. Kusini ya Sahara hakuna ayala wa asili. Basi twaona yafaa kueleza habari za ayala wa Marekani mwenye mkia mweupe upande wa chini, na jinsi wawindaji wa jimbo la Iowa wamtafutavyo. Maana desturi yao imefungamana na kilimo.

Wakulima wengi wa huko hupanda mahindi mwaka mmoja na soya mwaka wa pili katika konde lile lile. Soya, kama kunde, huitia ardhi rutuba kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika mizizi yake. Tena wadudu walao mizizi ya mahindi, wakikosa chakula chao mwaka wa soya, wengi hufa.

Zamu hiyo humhamisha ayala pia. Mwezi wa Julai na Agosti hula majani mabichi ya soya, huonekana wazi jioni. Majani yakigeuka manjano mwezi wa Septemba, huyaacha, huenda msituni kuokota matunda ya mialoni. Mahindi nayo humpa maficho, kwa kuwa hupita kimo cha mtu. Yakisha kuvunwa, maficho yametoweka. Hukaa msituni mchana, hutoka magharibi kula punje zilizosazwa. Mkulima akilima mara baada ya kuvuna, punje hizo nazo hufukiwa.

Kwa hiyo mwindaji aliyefunga dungu lake mtini mwaka jana akapata nyama, akirudi pale pale mwaka huu aweza kungoja bure: mti ni ule ule, lakini konde si lile. (Dungu kwetu ni la kulinda mazao, kwao ni la kuvizia.) Mwenye akili humwendea kwanza mwenye shamba, huomba ruhusa, huuliza kumepandwa nini na kutavunwa lini. Aldo Leopold, mzaliwa wa Iowa, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1933 kwamba wanyama wengi wa kuwindwa hupendelea kingo, yaani mahali msitu ukutanapo na shamba.

Jambo hili si mchezo tu. Uwindaji wa ayala ulipigwa marufuku Iowa mwaka 1898, kwa kuwa walikaribia kwisha. Ukafunguliwa tena mwaka 1953. Leo wameongezeka hata huharibu mazao, na mkulima humhitaji mwindaji, kama mwindaji amhitajivyo mkulima. Mwalimu afundishapo neno "ayala", na asiishie kutaja pembe. Aeleze pia kwamba amtakaye mnyama hana budi kujua kwanza alacho.