SHU YA LUPANGO: UDONGO SAFI, MAJI SAFI, CHAKULA SAFI

Ukurasa huu unasema mara nyingi juu ya kofia, viatu na miwani ya kazini. Leo tuingie lupangoni. Bustani ya nyumba ni dawa isiyouzwa dispanseri. Lakini mahali pa mgodi kama Kisenge, bustani inahitaji akili zaidi kuliko kijijini.

Wazee wanakumbuka mwaka 1975, vita ya Angola ilipokata reli ya Benguela na manganezi ya Kisenge ikakosa njia ya kwenda bandari ya Lobito. Mshahara unaweza kungoja gari la moshi. Tumbo la mtoto haliwezi. Jamaa yenye vitanda viwili vya shu nyuma ya nyumba ina kitoweo cha kuweka kando ya bukari, hata siku ambazo mfuko ni mwepesi.

Namna ya kulima

Shu inapenda baridi. Ndiyo sababu kipwa, mvua ikiisha kukatika, ni wakati wake. Panda mbegu kitaluni mwezi wa nne, chini kwa santimeta 1 tu, na funika kwa majani makavu mpaka zichipuke. Baada ya wiki 4 hadi 6, mche ukiwa na majani manne au matano, uhamishe jioni. Acha santimeta 50 kati ya mche na mche. Mwagilia asubuhi au jioni. Kwa kawaida utakata vichwa baada ya miezi mitatu hivi.

Viwavi uviokote kwa mkono kila asubuhi, na mayai yao chini ya majani uyaponde. Usinyunyizie shu dawa usiyoijua, wala dawa ya pamba. Mwaka ujao usipande shu kwenye kitanda kilekile: weka maharagwe au vitunguu.

Udongo

Udongo wetu mwekundu mara nyingi ni mchachu. Uchachu unafanya mabaya mawili. Unasaidia ugonjwa unaovimbisha mizizi ya shu, na unafungua manganezi ya udongo iingie kwa wingi ndani ya mmea. Dawa yake ni chokaa ya shamba, au majivu ya kuni: konzi moja kwa kila mita moja ya mraba, uyachanganye na udongo kabla ya kupanda. Ongeza samadi iliyooza vizuri kwa miezi mitatu au zaidi. Samadi mbichi inaunguza miche, na uchafu wa choo unaleta mayai ya minyoo mezani.

Usifanye bustani juu ya mabaki ya mgodi wala kando ya barabara ya malori ya mawe. Ardhi ile inaonekana tupu na haina mwenyewe, lakini si shamba.

Maji

Maji yaliyosimama katika mashimo ya mgodi si ya kumwagilia, wala ya kuosha mboga. Pipa lililochukua asidi, mafuta ya mashini au dawa yoyote ya kiwanda lisiingie lupangoni, hata likioshwa mara kumi. Pipa safi nalo lifunikwe: maji wazi ni nyumba ya mbu, na mbu ni malaria.

Vumbi la baba

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mwili unahitaji manganezi kidogo, na mboga zote zinayo. Ile inayoingia kwa chakula, tumbo linaipunguza. Lakini vumbi linalovutwa kwa pua siku nyingi linaweza kufika kwenye ubongo. Tangu mwaka 1837 daktari Couper wa Glasgow, huko Scotland, alieleza habari za watu waliosaga manganezi: miguu ilikosa nguvu, mwendo ukaharibika, sauti ikafifia. Ubongo ukiisha kuharibika hivyo, ni vigumu kurudi kama zamani.

Basi, baba akitoka zamu, asipite bustanini na nguo za kazi, wala asiwapakate watoto nazo. Avue, aoge, ndipo ashike ndoo ya kumwagilia. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe kitandani mwa mboga. Ukiona mkono unatetemeka, maandishi yanakuwa madogo, au unaanguka ukirudi nyuma, usingoje: njoo dispanseri, useme kazi unayoifanya.

Jikoni

Ondoa majani ya nje, tenganisha mengine, uyaoshe moja moja kwa maji safi mara mbili. Shu ya kuliwa mbichi ioshwe kwa maji yaliyochemka na kupoa. Ukiipika, tia maji kidogo, funika sufuria, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Akina mama wanaoichemsha saa nzima na kumwaga maji wanamwaga vitamini C nje ya mlango. Tumia chumvi yenye iyodini, maana kula shu nyingi kila siku pasipo iyodini kunaweza kusaidia uvimbe wa shingo.

Wala shu isifukuze sombe na lengalenga. Vitamini A, inayolinda macho ya watoto, ni nyingi katika majani ya kijani kibichi na ni kidogo katika shu nyeupe. Panda vyote, na tia mafuta ya mawese kidogo.

Kwa kifupi: majivu katika udongo, kifuniko juu ya pipa, nguo za kazi mbali na vitanda, na majani yaoshwe mara mbili. Mwezi wa nne ukifika, kitalu kiwe tayari. Afya ya mfanyakazi inalindwa mgodini, lakini inalishwa nyumbani.