Visu vya mhunzi: kuajiri fundi au kununua kazi yake?

Kisu cha mhunzi katika vijiji vya Tarime na Serengeti huanza maisha yake chini ya lori. Springi iliyochoka hukatwa, hupashwa moto mpaka ikaiva, hugongwa juu ya fuawe, kisha huzamishwa kwenye oili chafu. Hapo ndipo mali hupatikana au hupotea: chuma kikizama kikiwa cha moto mno, ubapa wa kisu huvunjika kama kigae, kikizama kimepoa, makali hujikunja kwenye mfupa wa kwanza. Kipimajoto hakuna. Kuna jicho la fundi tu.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa Nyakunguru, Tarime, anayeitazama Kenya. Kutoka hapo mpaka wa Sirari na Isebania hauko mbali, na ng'ambo yake kuna bucha na hoteli za Migori na Kisii. Kisu kikishavuka, huko kinahesabiwa bidhaa ya nje iliyotengenezwa kwa mkono. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005, unamsaidia: mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila ushuru wa forodha, mradi umetengenezwa ndani ya jumuiya. Mpaka si kikwazo chake kikubwa. Kikwazo ni namna ya kupata visu mia vinavyofanana.

Njia ya kwanza ni kuajiri. Tuseme analipa mafundi wanne shilingi 300,000 kila mmoja kwa mwezi. Kila fundi anakatwa 30,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mwajiri anaongeza 30,000 zake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unadai nusu asilimia, yaani 1,500. Kodi ya mshahara haipo, kwa kuwa baada ya makato ya NSSF zinabaki 270,000 kamili, kiwango ambacho bado hakitozwi. Tozo ya kuendeleza ujuzi nayo haimgusi asiyefikisha waajiriwa 10. Ongeza likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa karakana ndogo, tofauti na wengi wanavyodhani, makato si mzigo wa kuua biashara. Kinachoua ni miezi isiyo na oda, kwa sababu mshahara haungoji mteja wa Kisii.

Ndiyo maana wengi hukimbilia njia ya pili: fundi abaki kwake, na moto wake na nyundo yake, alipwe kwa kisu. Hata historia ya eneo hili inaegemea huko. Miongoni mwa Wazanaki, kwa mfano, wahunzi walikuwa kundi la Waturi, waliooana wenyewe kwa wenyewe na kushika ufundi wao; aliyetaka chuma aliwafuata. Mbali zaidi, mji wa Sakai nchini Japani umejenga jina la visu vyake kwa mgawanyo kama huo: mmoja anafua, mwingine ananoa, wa tatu anatia mpini, kila mmoja na karakana yake, na mfanyabiashara wa jumla ndiye anayeunganisha kazi zao.

Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haisomi kichwa cha mkataba. Kifungu cha 61 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata dalili moja tu ikionekana: anapangiwa namna au saa za kazi, anapewa vifaa, anamtegemea mtu mmoja kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Mhunzi mwenye bidii huzimaliza ndani ya wiki. Tajiri anayeleta springi, mkaa na grenda, kisha akamkataza fundi kumuuzia mwingine, ana waajiriwa tayari, hata kama karatasi inawaita wakandarasi. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hiyo haitamfaa sana.

Kwa kazi hii, kununua kisu kilichokwisha kufuliwa kuna mantiki zaidi kuliko kununua saa za mtu, ila iwe kununua kwelikweli: fundi apange bei, atafute chuma chake, awe huru kuuza mnadani. Hatua moja tu inastahili mwajiriwa wa kudumu, nayo ni ile ya moto na oili, maana hapo ndipo visu mia hufanana au huachana. Cheche ikimwingia jichoni, mwajiriwa huyo ana mfuko wa fidia. Mhunzi wa kujitegemea hana, ingawa anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari.

Linabaki suala la kisu kinachorudishwa kutoka Migori kimevunjika shingoni. Kwa mwajiriwa, hasara huanzia kwa mwenye karakana, kwa kuwa sheria inabana makato ya mshahara. Kwa mhunzi anayelipwa kwa kisu, mkataba useme mapema nani anabeba, ndani ya siku ngapi, na kama kinachorudishwa ni fedha au kisu kingine.